Stika ya i7 Isikuponze

Mwanangu R.K. wa Mbeya,

Barua yako nimeisoma taratibu, hasa pale uliposema laki saba za kununulia laptopu ni mauzo ya mpunga wa mama, na kwamba nyingine hazipo mpaka msimu ujao. Una haki ya kukosa usingizi. Unaanza masomo ya kompyuta, unataka kutumia Linux, na muuzaji amekuwekea mezani laptopu mbili za mtumba kwa bei ileile. Moja ni kubwa, ya michezo, yenye prosesa ya Intel Core i7-4700MQ na kadi ya Nvidia GeForce GT 750M. Nyingine ni ThinkPad T480 iliyotoka ofisini, yenye i5-8350U na grafiki ya Intel ya ndani tu. Kaka yako anakusukumia ya kwanza kwa kuwa i7 inaizidi i5, na kwa kuwa una hamu ya kujifunza akili unde. Anakutakia mema, sina shaka. Ila ushauri wake utakutia hasarani.

Soma namba yote

Muuzaji amekusomea herufi na tarakimu ya kwanza, akaishia hapo. Endelea mbele. 4700 ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013. 8350 ni kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Zote mbili zina viini 4 na nyuzi 8, kwa hiyo ukubwa unaosifiwa hauonekani. Kinachoonekana ni ulaji wa umeme: ya kwanza imeundwa kwa kiwango cha wati 47, ya pili wati 15. Umeme ukikatika bwenini utaijua tofauti hiyo mapema. T480 ina betri ya ndani na nyingine ya nyuma inayochomoka, unaibadilisha bila kuzima.

Na ukiletewa T470 kwa maneno kwamba "zinafanana", kataa. Prosesa zake za i5 zina viini 2.

Kesi iko kwenye kadi

Hapa nisikilize vizuri. Draiva ya grafiki za Intel imo ndani ya kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya Linux. Kerneli ikisasishwa, draiva inasasishwa nayo, wewe huna kazi. Grafiki za AMD za miaka ya karibuni ni vivyo hivyo. Nvidia kwa miaka mingi ilitoa draiva yake yenyewe, iliyofungwa, inayokaa nje ya kerneli na kulazimika kulinganishwa nayo kila mara. Mwaka 2022 ilifungua msimbo wa sehemu ya kerneli, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata. GT 750M ni ya kizazi cha Kepler, nyuma sana, na huduma ya draiva yake ya mwisho, namba 470, ilikoma 2024.

Maana yake kwako ni hii. Siku moja utasasisha mfumo, kerneli mpya itakuja, na draiva ile ya zamani inaweza kushindwa kushikamana nayo. Unawasha, kioo cheusi, na kesho unatakiwa kukabidhi kazi. Utabaki na Nouveau, draiva ya wanajamii wa Linux. Itakupa picha, lakini kwa kawaida huiacha kadi ikienda kwa mwendo mdogo. Utakuwa umebeba uzito na joto la kadi usiyoitumia.

Na akili unde? Programu nyingi za kazi hiyo hutegemea CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia mahesabu kwenye kadi. Toleo la 11 la CUDA, la mwaka 2020, liliondoa kundi la kadi ambamo GT 750M imo. Sababu yenyewe ya kuinunua haipo tena, mwanangu.

Utakachokosa

T480 haitakuchezea michezo mizito, wala si ya kutengeneza filamu za 3D. Kisoma alama za vidole nacho usikitegemee kwenye Linux. Uandishi wa programu, hifadhidata, na hata hatua za mwanzo za akili unde itaziweza; mazoezi mazito zaidi yafanyie Google Colab kwa intaneti. Kazi hiyo ikija kukulisha, ndipo utatafuta Nvidia ya RTX kwa pesa yako mwenyewe.

Ukibahatika kukuta ThinkPad T14 yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 PRO 4650U kwa bei hiyohiyo, ichukue. Ina viini 6.

Kabla hujalipa

Usitoe hata shilingi kabla ya kupima. Nenda na flashi yenye Ubuntu, iwashie laptopu kwa flashi hiyo na uchague kujaribu bila kusakinisha. Fungua teminali, andika `lspci -k`. Chini ya mstari wa VGA utafute neno i915, ndiyo draiva ya Intel. Likitokea pia jina la Nvidia MX150, jua kwamba umepewa T480 ya aina nyingine, na mzigo ni uleule ninaokuepusha nao. Jaribu waifai, sauti na kamera. Funga kifuniko, subiri, kifungue uone kama inaamka. Chaji kwa matundu yote mawili ya USB-C.

Kisha izime, iwashe ukibonyeza F1 uingie BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, ondoka. Kwa ThinkPad, kuchomoa betri hakulifuti. Na akikukatalia kutumia flashi, ondoka vilevile, hata akipunguza bei.

Kaka yako nenda naye, aone mwenyewe. T480 ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo chochote mtakachopunguziwa kisiishie kwenye mkoba wala panya. Kiwekeni kwa ajili ya RAM ya pili.