SOMO: FUNDI ANAPOISHIWA MAWAZO

Masomo: 2 Wafalme 24:10-16, Zaburi 137, Yeremia 29:1-7, Kutoka 31:1-17

Somo hili linawahusu wanaokula kwa kazi ya mikono yao hapa kambini: mafundi cherehani, wasusi, maseremala, akina mama wanaotengeneza sabuni. Wengi husema cherehani ni zima na kitambaa kipo, lakini kichwa kimekauka. Mishono ni ile ile ya mwaka jana, wateja wanapita kwenda kwa jirani, na mwenye kazi amekaa anatazama mkasi. Wengine huita jambo hili uvivu. Wengine (tuseme ukweli) hudhani jirani amewaroga.

Tuangalie Biblia. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alipowahamisha watu wa Yerusalemu, mafundi na wahunzi walihesabiwa peke yao: watu 1,000. Mfalme yule alijua thamani ya mikono ile. Walifika Babeli na ujuzi wao wote. Hata hivyo Zaburi 137 inawaonyesha watu wa uhamisho wakitundika vinubi vyao mitini. Vinubi havikuvunjika, mioyo ndiyo iliyoelemewa. Mtu mwenye maombolezo hapati wimbo kwa kulazimishwa, na fundi aliyezika watu wake njiani hapati mshono mpya kwa kugombezwa.

Baadaye Yeremia aliwaandikia, na waraka wake unawataja tena mafundi na wahunzi. Hakuwaagiza wabuni jambo kubwa. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha. Basi ndugu yangu uliyekwama, anza na kazi isiyohitaji wazo jipya. Badilisha zipu, punguza suruali, shona sare za shule. Unapofumua gauni la zamani, tazama fundi wa kwanza aliweka wapi mikunjo na aliikataje mikono. Gauni lililofumuliwa hufundisha kuliko kalenda ya mitindo iliyobandikwa ukutani.

Jambo lingine ni deni, na hapa nataka tukae kidogo. Aliyechukua kitambaa kwa mkopo anaogopa kujaribu, maana kitenge cha yadi 6 kikikatwa vibaya, chakula cha nyumbani kimekwenda. Ndiyo sababu harudii ila mshono anaoujua. Hana upungufu wa akili. Ana hofu ya hasara. Kwa hiyo punguza hasara. Kata mfano wako kwanza kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Shona gauni la mtoto wa miaka 2 kabla ya la mama yake. Unganisha vipande vilivyobaki. Na zamu yako ya likelemba ikifika, tenga fedha kidogo ya kujaribia, usiichanganye na mtaji wala na unga. Fedha hiyo hata ikipotea, watoto watakula.

Hesabu za madeni nazo zisifanywe saa ile ile ya kukata. Kata asubuhi penye mwanga, hesabu jioni.

Tena waulize wateja. Mama anayenyonyesha anataka blauzi inayofunguka mbele. Mzee anataka mfuko wa ndani wa kuweka simu na karatasi zake za ukimbizi. Huko ndiko mishono mipya inakotoka. Uwe na daftari, uchore kola uliyoiona Jumapili (baada ya ibada, tafadhali, si wakati wa mahubiri).

Wapo wanaoona haya kuiga. Lakini kitenge chenyewe kilitokana na kuiga! Katika karne ya 19 Waholanzi walitengeneza kwa mashine nguo za kufuata batiki za Java. Kiwanda cha Vlisco huko Helmond kilianza mwaka 1846. Nguo zile zikapendwa Afrika Magharibi, na akina mama wafanyabiashara wa Lomé, walioitwa Nana Benz, wakaipa michoro yake majina yao wenyewe. Iga, kisha weka na lako.

Mwisho, tazameni mpangilio wa Kutoka 31. Mungu anamwita Bezaleli na kumjaza ujuzi wa kila kazi. Mara tu baada ya hapo, kuanzia mstari wa 12, inafuata amri ya Sabato. Hata kwa kazi ya hema takatifu, fundi aliambiwa apumzike. Anayeshona kwa taa usiku kucha wiki nzima asishangae mawazo yakimkimbia. Na kama usingizi umekukataa kwa miezi, unalia bila kujua sababu, tuombe pamoja, na pia nenda kituo cha afya ukawaeleze.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:

Ni kazi gani ndogo unayoweza kuifanya wiki hii bila kungoja wazo jipya?

Katika kikundi chenu, nani anajua kazi ambayo mwingine amekwama nayo? Someni Kutoka 35:34, kisha mpangieni siku ya kumfundisha mwenzake.

Kila fundi aje Alhamisi na kitu kimoja alichokijaribu kwa vipande, hata kama kimeharibika.