NGURUWE NA JOTO LA KASKAZI



Msimu wa kaskazi, yaani tangu Desemba hata Machi, ndio unaowaua nguruwe wetu hapa Muheza na kote kwenye nchi ya chini. Jike mwenye mimba kubwa anakula vizuri asubuhi, alasiri amekufa na watoto wote tumboni, na mwenyewe alikwisha kumhesabia karo ya shule. Kisha husemwa amelogwa. Basi tuutazame kwanza mwili wake.

Sisi tukiona joto hutoka jasho, na jasho likikauka hutupoza. Nguruwe hana bahati hiyo. Karibu hatoki jasho kabisa, tena amevikwa mafuta chini ya ngozi. Amebakiwa na njia mbili: kuhema na kulowana. Ndiyo maana hugaagaa topeni. Twamwita mchafu, lakini anasingiziwa. Akiwa na nafasi na ubaridi hunya pembeni na kulala pakavu. Ukimkuta amelala juu ya kinyesi chake, inua macho utazame paa la banda.

Bati lililo chini chini ni tanuri. Makuti ni bora, na mwenye bati aweke makuti juu yake. Mgongo wa paa uelekee mashariki na magharibi, ili jua lisipige ubavu mrefu wa banda. Kuta ziwe fupi, upepo upite. Mwembe karibu na banda nao si wa kudharau.

Jike anyonyeshaye hunywa lita 20 au zaidi kwa siku, yaani kama debe zima. Ndoo moja ya asubuhi haimtoshi. Mchimbieni kidimbwi kivulini: tope hupoza kwa muda mrefu kuliko maji matupu kwa kuwa hukauka polepole, na huikinga ngozi ya nguruwe mweupe isiungue. Lakini kisiwe kidimbwi cha kijiji kizima, maana magonjwa huenea hapo. Chakula apewe alfajiri na jioni, kwani tumbo likisaga huzidisha joto mwilini.

Angalieni, watoto wachanga ni kinyume cha mama yao. Wao hutaka joto la digrii 32 hivi, naye hustarehe kwenye 20. Msimwage maji banda zima. Waachieni kona kavu yenye nyasi.

Na dume je? Joto huharibu mbegu zake, na huchukua wiki tano sita kupona. Jike asiposhika mimba mwezi Machi, pengine kosa ni la banda la dume mwezi Februari.

Nguruwe akihema kinywa wazi na kuyumba, msimswage wala kumpiga. Mpelekeeni kivuli hapo alipo, lowesheni sakafu na miguu kwanza, kisha mwili kidogo kidogo. Maji baridi sana ya ghafla humshtua. Akiwa bado ana homa hata baada ya usiku wa baridi, au wenzake nao wakianza na masikio yamekuwa mekundu, hilo si joto. Huenda ni homa ya nguruwe, ambayo haina tiba. Mwiteni bwana mifugo siku hiyo hiyo, na asichinjwe wala kuuzwa hata mmoja kabla hajafika.