Kumwita Bata Mzinga Siku ya Mvua

Bwana Mhariri ameniomba niwaandikie wanafunzi juu ya jambo nililojifunza ugenini. Labda mlitazamia habari za chuo na vitabu. La, nitaandika juu ya ndege, mvua, na kisanduku cha mti nilichokiharibu kwa ujinga wangu, ili nyinyi mlio darasani bado msije mkakosa kama mimi.

Nakaa Pennsylvania, katika Marekani, kwa mzee mmoja aliyenipangisha chumba. Huko bata mzinga si ndege wa kufugwa tu, bali wako wengi wa mwitu, nao hulala juu ya miti mirefu. Katika majira ya kuchipua, kabla ya jua kutoka, dume hulia kwa sauti kubwa juu ya mti wake, na majike humwendea. Mwindaji hugeuza desturi hiyo: huketi kimya chini ya mti, akaiga sauti ya jike, ili dume ndiye aje. Sheria ya huko kwa majira hayo yakataza kumnyemelea ndege. Yapasa aitwe tu. Sababu yake ni njema, maana anayenyemelea sauti ya bata mzinga porini huenda akampiga risasi mwindaji mwenziwe aliyekuwa akiiga.

Vyombo vya mwito ni vya namna nyingi, lakini nitataja vitatu. Cha kwanza ni kisanduku chembamba cha mti chenye kifuniko kirefu, ambacho husuguliwa juu ya kingo zake. Henry C. Gibson wa Arkansas alipata hati ya serikali ya kukilinda kisanduku cha namna hiyo mwaka 1897. Cha pili ni kisahani cha sleti, kioo au alumini, kinachosuguliwa kwa kijiti. Cha tatu ni kipande cha mpira mwembamba sana kilichowambwa katika fremu ndogo, nacho hutiwa mdomoni na kupulizwa.

Sasa, sauti yatoka wapi? Kumbukeni somo la msuguano. Kifuniko kikivutwa juu ya ukingo, hakitelezi moja kwa moja. Hushika, huteleza, hushika tena, mara nyingi sana katika nukta moja. Mishtuko hiyo huutikisa mti, na uwazi wa kisanduku huikuza sauti. Chaki hupakwa ili kifuniko kishike vema. Maji yakiingia kati, chaki huwa uji, kifuniko huteleza tu bila kushika, na kisanduku huwa bubu.

Mzee wangu alikuwa na kisanduku cha mwerezi alichochongewa na baba yake. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hata hakuweza tena kukipiga. Akaniambia, "Wewe utakuwa mikono yangu." Nikajizoeza majuma mengi, tukaenda msituni. Dume akalia kwa mbali, nami nikamwita, naye akajibu. Mara mvua ikanyesha. Nikaendelea kupiga, lakini sauti ikawa kama mlango usiotiwa mafuta, kisha ikapotea kabisa. Ndege akanyamaza, tukarudi mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipokosa. Nyumbani kwetu, ngoma ikilowa hulegea, na mpigaji huipasha moto hata ngozi ikakaza. Nikafikiri, "Kilichofaa ngoma kitafaa kisanduku." Mzee alipokwenda kulala, nikakiweka karibu na jiko la kuni. Asubuhi nilikuta ubavu mmoja umepasuka toka mwisho hata mwisho. Ngozi ikikauka hujivuta, na huko kujivuta ndiko tunakokutaka. Lakini mti uliolowa umevimba, na ukikaushwa kwa haraka, nje hunywea kabla ya ndani, basi hupasuka. Nilijua kanuni ya nyumbani, lakini sikuwa nimejiuliza sababu yake.

Nilimpelekea mzee kisanduku kwa mikono miwili. Alikitazama kitambo, kisha akasema, "Baba yangu naye alipasua viwili kabla ya hiki." Tulikigandisha kwa gundi, lakini sauti yake haikurudi kama zamani. Tangu siku ile nilijifunza mambo haya:

1. Kisanduku cha mti kiwe ndani ya mfuko wa plastiki. Ukitumia mfuko mkubwa, kama ule wa mkate, waweza kutia mikono ndani na kukipiga humo humo.

2. Kisahani cha kioo au alumini hakinywi maji. Lakini kijiti cha mti hunywa, basi chukua kijiti cha plastiki ngumu. Futa kisahani kwa kitambaa kikavu, ukikwangue kwa msasa, wala usikiguse kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huharibu msuguano.

3. Chombo cha mpira hakiogopi mvua, kwa kuwa hutumika kikiwa na mate. Lakini yataka mazoezi mengi. Baada ya kazi kioshe, ukikaushe kivulini.

4. Kilicholowa kikauke polepole chumbani, mbali na moto na jua. Chaki ipakwe kikiisha kukauka.

5. Mvua ikinyesha, matone juu ya majani huzuia masikio ya ndege, basi mara nyingi hutoka msituni wakasimama uwanjani, ambako macho yao huona mbali. Ukakae ukingoni mwa uwanja. Mvua ikikatika, sikiliza, maana huenda dume akalia tena.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vile vile. Tuliketi ukingoni mwa shamba, nami nikasugua kioo. Mvua ilipokatika dume akajibu, akatoka mtini akitandaza mkia wake. Mzee alingoja mpaka alipouona wazi ule ushungi wa kifuani uitwao ndevu, kwa kuwa sheria ya majira hayo yaruhusu ndege mwenye ndevu tu. Akapiga mara moja, ikatosha. Alimbeba ndege mwenyewe hata nyumbani, akakataa nisimsaidie.

Ndugu zangu wanafunzi, mwalimu akiwafundisha msuguano au kuvimba kwa mti, msidhani ni maneno ya mtihani tu. Kila mnapojua kwamba jambo hufanywa hivi, ulizeni pia kwa nini. Mimi sikuuliza, na kisanduku kile kiko rafuni mpaka leo, na ufa wake ubavuni.