SOMO: BETRI HAIFI KWA KAZI, HUFA KWA KULALA



Katika kurasa hizi tumezoea kusomeshana habari za miche, makonyo na majamvi ya kuanikia. Leo twaomba ruhusa tutoke shambani kidogo, tuzungumze habari za betri ya motokaa, khasa motokaa isiyoendeshwa mara kwa mara. Atakayeuliza betri ina nini na karafuu, na atusikilize kwanza kisa hiki.

Msimu uliopita, siku ya pili ya kuchuma, kijana mmoja alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Tawi lilimkatikia, na kila mwenye shamba ajua wepesi wa tawi la mkarafuu kukatika. Paja likavunjika. Gari la chama, pikapu ile ile tuliyoichangia sote, lilikuwa bandani, hatua chache tu kutoka hapo. Dereva akazungusha ufunguo. Likalia "tik", basi. Akarudia, "tik". Tukalisukuma, lakini njia ni ya kupanda na udongo ulikuwa umelowa. Mwisho kijana alipakiwa juu ya gari la ng'ombe mpaka barabara kuu, na huko ndiko ilikopatikana gari ya abiria ya kumfikisha hospitali. Paja limeunga na sasa anatembea, alhamdulillahi. Lakini saa nzima aliyolia juu ya mbao zile haijatutoka masikioni.

Lililotutia haya zaidi ni kuwa daftari letu lilikuwa safi. Kila Ijumaa baada ya sala gari liliwashwa dakika tano, likanguruma, likazimwa, nasi tukaandika: "Gari limewashwa." Hapana Ijumaa hata moja iliyorukwa. Basi betri ilikufaje? Tuliwauliza mafundi, tukasoma, tukapiga hesabu. Tuliyoyapata ndiyo somo la leo.

BETRI NI KITU GANI

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na magari mengi mpaka leo huwashwa kwa betri ya asili hiyo. Zamani injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Mwaka 1912 magari ya Cadillac huko Marekani yalitolewa yakiwa na mashine ya kuwashia kwa umeme, na tangu hapo kazi ya mkono ikahamia kwa betri. Gari la siku hizi halina hendeli. Betri ikigoma, gari limegoma.

Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyozama ndani ya tindikali iliyochanganywa na maji. Betri itoapo umeme, nguvu ya tindikali huingia katika mabamba na kufanya utando mweupe, na maji yanayobaki huwa hafifu. Itiwapo umeme, utando huo huyeyuka na nguvu hurudi majini. Utando ukiwa mpya ni laini na huyeyuka upesi. Ukiachwa majuma mengi hugeuka chembe ngumu zisizoyeyuka tena, na sehemu ile ya bamba imekufa. Ni kama karafuu mbichi zilizolundikwa bila ya kuanikwa: siku ya kwanza zaokoleka, zikichelewa zimekwisha haribika. Ndiyo maana betri iliyokaa tupu muda mrefu haiponi hata ikichajiwa usiku na mchana.

WEZI WAWILI

Gari likilala, betri huibiwa na wezi wawili. Mwizi wa kwanza yumo ndani ya betri yenyewe. Hata ikiwekwa peke yake juu ya meza, betri hupungua nguvu kidogo kidogo, na joto humsaidia mwizi huyu. Kadiri joto linavyozidi, na nguvu huvuja kwa haraka zaidi. Sisi watu wa visiwani, ambao joto letu halipungui sana mwaka mzima, hatuna budi kumkumbuka.

Mwizi wa pili yumo katika gari. Saa ya ukutani mwa gari, king'ora cha wezi, redio inayokumbuka stesheni, na zile kompyuta ndogo za magari ya sasa, vyote hunywa umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Katika gari zima huwa ni kidogo sana, mara nyingi baina ya sehemu 20 na 50 katika elfu ya ampia moja. Lakini huyu hasinzii wala haendi sikukuu.

HESABU YA DAKIKA TANO

Tuchukue betri iliyoandikwa Ah 60. Maana yake ni kuwa inaweza kutoa ampia 3 kwa saa 20, yaani jumla ya vipimo 60. Mwizi wa pili akila sehemu 50 katika elfu ya ampia, kwa saa 24 amekula kipimo 1 na sehemu 2 ya kumi (1.2). Kwa juma moja ni vipimo 8.4. Kwa siku 30 ni vipimo 36, na katika 60 vimebaki 24 tu. Hapo bado hatujamhesabu mwizi wa kwanza.

Sasa tuitazame Ijumaa yetu. Tuseme gari limewashwa, na betri, kwa ukarimu mkubwa, inapokea ampia 15. Kwa dakika tano imepata kipimo 1 na robo. Tukiondoa kile kilichotumika kuliwasha gari, imebaki kama kipimo 1. Basi kila juma tulitia 1, na mwizi akachukua 8. Mwenye duka akifanya biashara hiyo, hata miezi miwili hamalizi.

Tena injini iliyowashwa dakika tano haipati moto wa kutosha. Unyevu hubaki katika oili na katika bomba la moshi, ukala chuma. Kwa hiyo desturi ile haikuwa pungufu tu. Ilikuwa na madhara.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, gari liendeshwe. Mara moja kwa juma, kiasi cha saa nzima, barabarani na si bandani. Safari hiyo iwe na faida: kupeleka mbolea, kuchukua magunia, kumfikisha mgonjwa kliniki.

Pili, ikiwa gari litalala zaidi ya majuma mawili, waya wa betri ufunguliwe. Uanzwe upande wa hasi, wenye alama ya kutoa (–), na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Sababu yake ni hii: bodi ya gari imeunganishwa na upande huo. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka na mkono utaungua. Kufungua waya humzuia mwizi wa pili, lakini wa kwanza hubaki. Kwa hiyo betri ichajiwe kila mwezi.

Tatu, panapo umeme, itumike chaja ya kutunzia. Huko Ulaya na Marekani wenye magari ya mbio huyafungia bandani majira yote ya baridi, na wengi wao huyaacha yameungwa na chaja ndogo ya namna hii. Betri ikijaa, chaja hupunguza nguvu yenyewe. Chaja ya kawaida isiyojipunguza isiachwe hivyo, kwani itayachemsha maji ya betri mpaka yakauke. Pasipo umeme, kipande kidogo cha sola cha wati 10, kikiwekwa juani na kuungwa kwa kidhibiti chaji, chatosha kuwashinda wezi wote wawili.

Nne, betri ipimwe kwa mita. Gari likiwa limezimwa tangu jana, volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni karibu na robo. Ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe siku hiyo hiyo, kabla utando haujawa mgumu. Injini ikinguruma, mita isome kiasi cha 13.8 hata 14.4, ikisoma chini ya 13, basi tatizo ni mashine ya kuchajia, na betri isisingiziwe.

Tano, vichwa vya betri visafishwe. Hewa yetu ya chumvi huleta ukoga wa kijani na mweupe unaozuia umeme kupita. Visuguliwe kwa brashi na maji ya moto, vikaushwe, vikazwe, kisha vipakwe grisi. Betri yenye vizibo itazamwe maji: mabamba yawe yamefunikwa. Yakipungua yaongezwe maji safi ya betri tu, wala si ya kisima, ambayo yana chumvi na chokaa; na tindikali isiongezwe kabisa.

TAHADHARI

Betri inayochajiwa hutoa hewa inayoshika moto na kuripuka. Sigara isisogee, na madirisha ya banda yawe wazi. Tindikali ikiruka jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi, kiasi cha robo saa, kisha mtu apelekwe hospitali. Na wakati wa kuazima nguvu kwa gari jingine, waya mwekundu huunga chanya kwa chanya. Waya mweusi hutoka hasi ya betri nzima ukafungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake, ili cheche isiikute hewa ile.

HUKUMU YETU

Kamati imeamua kuwa neno "limewashwa" lisiandikwe tena katika daftari la gari. Kuanzia sasa kila juma wataandikwa watu na namba: dereva nani, gari limekwenda wapi na limechukua muda gani, na mita imesoma volti ngapi kabla ya safari. Neno laweza kumridhisha katibu. Namba haimwonei haya mtu.

Nanyi wanachama wenye magari yenu, mashine za kupigia maji au jenereta zinazongoja msimu, zipimeni betri zake juma hili. Asiye na mita aje ofisini. Ya chama ipo na huazimwa bure. Mikarafuu imeanza kutoa vikonyo, na wapandaji watakwea tena. Tuombe asianguke mtu. Lakini akianguka, gari liwake.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama