Dondoo muhimu: Kabla hujanunua fleti Dubai
Dalali mwenye suti na brosha inayong'aa, aliyekuja hotelini mjini kwenu kuuza fleti za Dubai, muulize kwanza namba ya kitambulisho chake cha udalali. Usiridhike kukiona tu; kihakiki kwenye Dubai REST, programu ya simu ya Idara ya Ardhi ya Dubai. Humo utaukuta pia mradi wenyewe na hatua ya ujenzi uliyofikia.

Jengo likiwa bado ramani, hapo ndipo wengi hulizwa. Sheria Na. 8 ya 2007 inaitaka kampuni inayojenga iweke fedha za wanunuzi katika akaunti maalumu ya mradi huo iliyoko benki. Basi lipia huko tu, si kwa dalali, wala kwa “binamu yake aliyeko Sharjah”. Kisha dai usajili wa awali, unaoitwa Oqood. Risiti ya kampuni si umiliki.

Nyumba iliyokwisha kujengwa? Jina kwenye hati na kwenye pasipoti ya muuzaji liwe moja.

Tenga pia asilimia 4 ya bei kwa ada ya uhamisho. Na lile punguzo “linaloisha leo usiku”? Liache liishe.