Kifurushi Kimoja au Programu Moja Moja: Mwongozo kwa Watoa Huduma za Kompyuta wa Eastlands

Mwongozo huu unawahusu mafundi na wenye maduka wanaotunza kompyuta za watu kwa malipo ya kila mwezi, kuanzia Buruburu na Donholm hadi Umoja, Kayole na Komarock. Wateja wenu ni shule za binafsi, zahanati, Sacco za matatu, maduka ya dawa. Wanapozidi kumi hivi, daftari na WhatsApp hulemewa, na wauzaji wa programu huja na kifurushi: kuingia kwenye kompyuta ya mteja ukiwa dukani, kusasisha Windows, kupokea malalamiko, kuzuia virusi, kuhifadhi nakala rudufu na kutoa ankara, vyote kwa bei moja. Njia nyingine ni kukusanya programu moja moja, baadhi zikiwa za bure kama osTicket ya kupokea malalamiko na MeshCentral ya kuingia kwa mbali.

Kabla ya kuuliza bei, fuatilia tatizo moja tangu linapoingia hadi linapolipwa. Mhasibu wa shule fulani Umoja anatuma ujumbe tarehe 28: printa haitoi stakabadhi za karo. Fundi anaandika jina la shule kwenye osTicket, kisha anaitafuta mashine kwenye MeshCentral, ambako imesajiliwa kwa jina ililopewa na Windows, DESKTOP na herufi zisizo na maana. Akimaliza anaandika saa alizotumia kwenye Excel, na mwisho wa mwezi mtu mwingine anaziandika upya kwenye ankara. Jina la shule limeandikwa mara tatu, pengine kwa namna tatu. Saa zinazopotelea njiani ni pesa ambayo mteja angelipa bila kulalamika iwapo angeonyeshwa hesabu. Kwa duka lenye mafundi wawili au watatu, basi, kupokea malalamiko, kuingia kwa mbali na kusasisha mashine vikae pamoja katika kifurushi kimoja. Kazi hizo hutegemeana kutwa nzima.

Nakala rudufu na nywila zisikae humo. Tarehe 2 Julai 2021, wahalifu wa mtandao waliingilia VSA, programu ya kampuni ya Kaseya ambayo watoa huduma hutumia kusimamia kompyuta za wateja wao. Watoa huduma walioguswa moja kwa moja hawakufika 60, lakini biashara zilizokuwa nyuma yao zilizofungiwa data zilikadiriwa kufika 1,500. Nchini Uswidi, kampuni ya Coop ilifunga mamia ya maduka kwa sababu mashine za malipo ziligoma, ingawa yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Pigo lilipitia kwa wanaoihudumia. Programu ya namna hii ina mamlaka kamili juu ya kila mashine uliyokabidhiwa. Nakala rudufu zikiwa chini ya akaunti hiyohiyo, mwizi akiingia anafuta na tiba pia. Zinunue kwa kampuni nyingine, kwa nywila nyingine, na nakala moja ikae kwenye diski isiyounganishwa na chochote.

Sheria nayo inakuhusu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayechakata data kwa niaba ya mwingine anapaswa kumjulisha mteja aliyemkabidhi data hiyo ndani ya saa 48 inapovuja, naye mteja ana saa 72 kumfikishia taarifa Kamishna wa Data. Kwa hiyo usilipie kifurushi kisichoweza kukuonyesha nani aliingia kwenye mashine ipi na saa ngapi.

Ankara pia zibaki kando. Sehemu ya ankara katika vifurushi vingi vya kigeni imetengenezwa kwa ajili ya kadi za benki na kodi za kwao, ilhali mteja wako analipa kwa Paybill na, tangu Januari 2024, anahitaji ankara ya eTIMS ili KRA ikubali gharama yake. KRA inatoa programu za eTIMS bila malipo.

Kisha kuna dola. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kifurushi cha dola 100 kwa mwezi kilitoka shilingi 16,000 hadi 13,000, na kinaweza kupanda vilevile, huku mteja akiwa na mkataba wa mwaka kwa shilingi. Lipa mwezi kwa mwezi, wala usitie sahihi ya miaka mitatu kwa sababu ya punguzo: Datto, kampuni nyingine ya programu za watoa huduma, ilinunuliwa na Kaseya mwaka 2022 kwa dola bilioni 6.2, na mmiliki mpya huja na bei zake. Angalia pia unatozwa kwa kipimo gani. Kati ya vifurushi vilivyopo, Atera hutoza kwa idadi ya mafundi, NinjaOne kwa idadi ya mashine. Mafundi wawili wenye kompyuta 150 wafikirie ya kwanza. Mafundi wanne wenye 40, ya pili.

Jaribu kwa mteja mmoja, tena yule mwenye intaneti dhaifu. Masasisho ya Windows humaliza bando la modemu asubuhi moja, na kuyapanga usiku hakusaidii pale ambapo mlinzi huzima swichi kuu jioni. Kifurushi kisichokuruhusu kuchagua saa na kiasi cha data hakifai mitaani kwetu. Siku hiyohiyo ya majaribio, toa orodha ya wateja, mashine na kumbukumbu za kazi katika faili inayofunguka kwa Excel. Kikikataa, achana nacho.

Na kama uko peke yako na wateja hawajafika kumi, osTicket, MeshCentral na diski mbili za nakala rudufu zinakutosha kwa sasa. Hizo dola nunulia betri ya akiba ya ruta, kwa sababu stima ikipotea dukani hakuna programu itakayokufikisha kwa mteja.