Mafunzo Niliyoyapata Nikiishi Peke Yangu Kwenye Karavani

Ndugu zangu wa Tanga waliposikia nimestaafu unesi hapa Uingereza, nimerudisha funguo za nyumba ya kupanga na kununua karavani, waliulizana jambo moja tu: "Kwani watoto wamemfukuza?" Hawakunifukuza. Wanangu wako Leicester na Coventry, na kila mmoja alinitengea chumba. Ila kodi ilikuwa inameza karibu pensheni yote, na nchi hii niliyoifanyia kazi za zamu za usiku nilikuwa naijua kwa vituo vya basi na milango ya wodi. Nikapiga hesabu, nikanunua karavani ya mitumba ya watu wawili na gari la dizeli la kuivuta.

Niliyojifunza mengi yanahusu maji, choo na uzito. Anayetafuta machweo ya jua atayapata kwenye picha za wenzangu.

1. Karavani ya mitumba inunuliwe kwa pua kwanza

Ukifunguliwa mlango, usitazame makochi wala pazia. Vuta pumzi. Harufu ya uvundo maana yake ni maji yamepenya kwenye kuta, na kuta za karavani nyingi za zamani zina mbao ndani yake. Mbao zikioza, utakachokuwa umenunua ni ganda. Fundi ana kifaa cha kupima unyevu ukutani: chini ya asilimia 15 hakuna tatizo, ikipita 20 anza kuaga. Mlipe fundi wako mwenyewe, usikubali yule aliyeletwa na muuzaji.

Jambo jingine linalowashangaza watu wa kwetu: karavani ya kuvuta Uingereza haina kadi ya gari kutoka serikalini, haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, na namba inayobandikwa nyuma ni ya gari linaloivuta. Ndiyo maana wezi wanazipenda. Zilizotengenezwa tangu 1992 zina namba iliyochorwa kwenye chesi na kwenye vioo, nayo imeandikishwa kwenye daftari la CRiS. Kama namba ya kioo hailingani na ya chesi, ondoka. Tairi nazo huzeeka zikiwa zimesimama tu. Ushauri wa watu wa fani hii ni kuzibadilisha zikifika miaka 5 na kutozitumia kabisa zikipita 7, hata kama kashata zake bado nzima.

2. Kila kilo inahesabiwa

Katika karavani ndogo kama yangu, tofauti kati ya uzito wake ikiwa tupu na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kama kilo 150. Ukisikia 150 unaona ni nyingi, mpaka uanze kutoa. Betri inazidi kilo 20. Mota ya kuisogeza karavani kwa rimoti ni kama 30, na kwa mtu aliye peke yake mota hiyo si anasa, kwa sababu hakuna wa kukusaidia kusukuma. Toa mtungi wa gesi, turubai la barazani, nyaya za umeme. Kinachobaki ndicho maisha yako: nguo, sufuria, vitabu, unga.

Kinu changu cha mbao na mbuzi ya kukunia nazi vilibaki Leicester kwa binti yangu. Nilibeba Msahafu, sufuria mbili, kikaango, pasi ya usafiri ambayo sijawahi kuichomeka, na albamu ya picha za marehemu mume wangu. Tui natumia la kopo. Dada yangu akisikia hilo husikitika kuliko alivyosikitika kuhusu nyumba.

Namna ya kupanga mzigo ina uzito wake pia. Vizito vikae chini, juu ya ekseli. Ukivirundika nyuma, karavani itayumba barabarani. Kishikio cha mbele kinatakiwa kikandamize ndoano ya gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa karavani iliyopakiwa, na kuna mizani ndogo ya kupimia hilo. Kwa anayeanza, vilabu vya karavani vinashauri uzito huo wote usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalovuta.

3. Mkia una adabu yake barabarani

Tangu Desemba 2021, leseni ya kawaida ya Uingereza inatosha kuvuta trela hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Sheria imelegea, fizikia haikulegea. Lipia siku moja ya mafunzo, hasa ya kurudi nyuma.

Mwisho wa mwendo ni maili 50 kwa saa kwenye barabara za kawaida na 60 kwenye barabara kuu, na kwenye barabara kuu yenye njia tatu au zaidi huruhusiwi kuingia ile ya kulia kabisa. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake unaweza kuufanya mkia uanze kucheza kushoto na kulia. Hapo mkono unataka kupambana na usukani na mguu unataka kukanyaga breki. Vinyime vyote viwili. Inua mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulivyo, karavani itatulia yenyewe.

Huko Scotland, njia nyembamba zina vibaraza vya kupishania. Ukiona foleni imejikusanya nyuma yako, ingia kwenye kibaraza uwapishe, hata kama una haki ya kuwa mbele. Na kuna barabara za kuachia wengine: ile ya Bealach na Bà kwenda Applecross inapanda hadi mita 626 kwa kona za kujikunja, na kibao kilichopo chini kinawashauri wenye karavani wasipite. Kuna njia ya kuzunguka pwani. Ni ndefu, nami sikuwa na haraka.

4. Maji utayajua thamani yake ukiyabeba

Pipa langu la kubingirisha linachukua lita 40. Kila tone ninalotumia nimelifuata bombani, nikalivuta kwenye nyasi, nikalipandisha kwa pampu ya umeme wa betri. Likishatumika linatoka kwenye bomba la chini na kuingia pipa la pili, nalo pia nalivuta kwenda kulimwaga panapostahili. Mtu aliyekulia kuchota kisimani Muheza hapati shida hapa. Wanaopata shida ni wajukuu, wanaosugua meno huku bomba linatiririka. Wakija kunitembelea nawapa lita 10 za siku na kuwaacha wapange wenyewe. Siku ya kwanza huisha saa nne asubuhi.

Udhu mmoja kwa kikombe kikubwa unatosha, na ndiyo sunna yenyewe, ingawa tulipokuwa na mabomba ya mjini tuliisahau. Kibla kwa huku ni upande wa kusini-mashariki, na kila nikihama uwanja natafuta upya kwa dira kabla ya kutandika mswala. Mara nyingine kinaangukia kwenye jokofu, basi nasali nikilielekea jokofu.

Sasa choo, maana ndilo swali ambalo kila mtu analo na hakuna anayeliuliza mezani. Chini ya choo kuna tangi la lita kama 18 linalotolewa kwa nje kupitia mlango mdogo. Linawekwa dawa, na likijaa linabebwa hadi sehemu maalumu ya kumwagia. Haliendi kwenye mtaro wala kichakani. Kwenye mashamba yenye tangi la maji taka la asili, wenyewe hukataa dawa ya buluu kwa sababu inaua vijidudu vinavyolifanyia tangi kazi, kwa hiyo uliza kwanza. Kwa mtu mmoja tangi linachukua siku kadhaa. Nesi hababaishwi na kazi hii. Kama wewe inakubabaisha, huu ndio wakati wa kujua.

5. Gesi ya buluu haiwezi baridi

Hapa mitungi inayouzwa sana ni ya aina mbili: wa buluu una butani, mwekundu una propani. Butani hugoma kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0, ilhali propani huendelea kufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Anayeishi karavanini mwaka mzima ananunua nyekundu tu. Jokofu langu linaweza kutumia gesi au umeme, lakini karavani ikiinama halipoi vizuri, hivyo pimamaji ya fundi ndicho kifaa cha kwanza kutoka kabatini kila nifikapo.

Matundu ya hewa ya sakafuni na darini yasizibwe hata upepo ukipiga vipi. Na hili nalisema kama nesi: jiko la mkaa lisiingie ndani, hata lile linaloonekana limezimika. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inayotoka humo haina harufu, na watu wamekufa usingizini ndani ya mahema na karavani kwa namna ileile wanavyokufa vyumbani kwetu msimu wa baridi. King'ora cha kuitambua hewa hiyo hakina bei kubwa. Kiwekwe kabla ya televisheni.

6. Aliye peke yake asalimie zaidi

Mwaka 1885, William Gordon Stables, aliyekuwa daktari wa Jeshi la Majini, alitengenezewa mjini Bristol karavani ya kukokotwa na farasi, akaiita Wanderer, akasafiri nayo kutoka Twyford hadi Inverness. Wapenda karavani wanamtaja kama baba yao. Wasichokikumbuka sana ni kwamba alikuwa na mwendesha farasi na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuwaonya wapita njia. Sidhani kama ndoo za maji machafu alizimwaga daktari.

Mimi mtumishi wangu ni jirani, na jirani hapatikani bila salamu. Nikifika, kabla ya kuchomeka waya wa umeme, nazunguka karavani zilizo karibu na kusema habari. Waingereza wanaodaiwa kuwa baridi hubadilika wakishakaa kwenye kiti cha kukunja. Mmoja atakuja na bisibisi, mwingine na mayai. Napenda zaidi viwanja vidogo vya mashambani: sheria ya mwaka 1960 inaruhusu vilabu vya karavani kumpa mkulima cheti cha kupokea karavani zisizozidi 5, na huwezi kukaa hapo zaidi ya siku 28. Mara nyingi hakuna bafu, ila saa mbili usiku mwenye shamba ameshajua jina lako.

Usalama wa mwanamke? Naegesha penye msimamizi, sipigi picha ya mahali nilipo mpaka nihame, na binti yangu anajua kila uwanja. Simu yangu nimeisajili mapema niweze kuomba msaada 999 kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa mabondeni sauti haipiti lakini ujumbe hupenya.

7. Karavani moja, macho mawili

Msimamizi wa uwanja mmoja aliniona nashuka garini akaniuliza kama nimekuja kufanya usafi. Nilimwonyesha risiti, akawa mwekundu. Sikumkasirikia sana, kwa sababu nilishaona wanaopata makubwa kuliko hayo.

Waroma wametajwa katika kumbukumbu za Scotland tangu mwaka 1505, na Wasafiri wa Ireland wamekuwa kwenye barabara hizi vizazi na vizazi. Kila Juni hukusanyika Appleby huko Cumbria kwa gulio la farasi, na nimefika: watoto wanawaogesha farasi mtoni Eden, wazee wanapatana bei kwa kupigana viganja. Karavani zao na yangu zimetoka viwanda vilevile. Yangu inaitwa mapumziko, zao zinaitwa kero. Sheria ya mwaka 2022 ya England na Wales inaweza kumfanya mhalifu mtu anayekaa na gari kwenye ardhi ya mwingine bila ruhusa kwa nia ya kuishi hapo, ikidaiwa ameleta madhara au usumbufu mkubwa na akakataa kuondoka. Mei 2024 Mahakama Kuu ilisema kuongeza muda wa marufuku ya kurudi mahali hapo kutoka miezi 3 hadi 12 ni ubaguzi dhidi yao. Mstaafu mwenye pensheni na kadi ya klabu hawezi kuyajua haya kama hatoki nje ya ua wa klabu yake.

8. Karatasi zinataka mlango

Leseni, benki, bima, vyote vinauliza anwani. Mimi natumia ya binti yangu, kwa idhini yake. Soma bima kwa makini, maana nyingi za karavani hazimlindi anayeishi humo moja kwa moja. Kwa daktari, England, kukosa anwani si sababu ya kunyimwa usajili, na unaweza kuandikishwa kwa muda hadi miezi 3 popote ulipo. Dawa zangu za presha nazichukua duka lolote la dawa la England kupitia mtandao wao. Mfumo huo hauvuki kuingia Scotland, kwa hiyo nikienda kaskazini nabeba za kutosha.

Gharama? Kwangu imekuwa nafuu kuliko kodi, lakini mtu wa mgongo mbovu au anayeogopa kimya atalipa kwa namna nyingine. Kama umeshawishika, usiuze wala usirudishe funguo za nyumba yoyote bado. Kodisha karavani kwa wiki moja, tena iwe Novemba, mvua ikinyesha, uende nayo peke yako, na choo ukimwage mwenyewe.